Somo: Vitamini na Nguvu ya Misuli kwa Mutu Mwenye Ugonjwa wa Viungo



Hapa Dilala munatuuliza mara nyingi: "Mama, nkambo anaumwa magoti. Tumununulie vitamini gani?" Tusikilizane kwanza, mbele ya kutosha franga.

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana: goti, kiwiko, vidole. Misuli ndiyo inakishika, kama vile kamba zinavyoshika nguzo. Goti likiuma, nkambo anaogopa kutembea, anashinda amekaa. Misuli ya paja inakonda, goti linakosa mushikaji, na maumivu yanaongezeka.

Vitamini D inasaidia mifupa na misuli. Anayeikosa anasikia mapaja yamelegea; hata kusimama toka kitini ni taabu. Mwili unaitengeneza wenyewe wakati jua linapopiga ngozi. Basi musimufungie nkambo ndani ya nyumba. Akae inje kila siku, mikono na miguu ipate jua.

Lakini vitamini haiponyeshi kiungo. Mwaka 2013 waganga wa Boston, Marekani, walitoa habari za watu 146 wenye ugonjwa wa magoti. Kwa miaka 2 wamoja walikunywa vitamini D, wengine vidonge vitupu. Maumivu ya wale wa vitamini hayakupungua kuwapita wengine. Kwa hiyo musimalize franga ya chakula kwa sindano za soko.

Misuli inajengwa na chakula. Bukari peke yake haitoshi. Ongeza maharagi, kalanga, samaki ndogo, mayayi ao vinkubala. Sombe na lengalenga zinaleta vitamini zingine.

Tena misuli inataka kazi. Nkambo akae kitini, anyooshe muguu mumoja mbele, ahesabu mupaka 5, aushushe polepole. Afanye mara 10 kila muguu, asubui na mangaribi. Maumivu yakizidi sana, apunguze, lakini asiache kabisa.

Angalia! Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, zaidi kwa mutoto, kuja lopitalo siku ile ile. Na vidonge vya prednizoloni vinapunguza uvimbe, lakini vikikunywiwa muda murefu vinalegeza misuli na mifupa. Anayevikunywa asiviache gafula; aulize munganga.

Maulizo ya kurudilia nyumbani:
1. Sababu gani nkambo asikae ndani siku nzima?
2. Leo utaongeza nini kando ya bukari?
3. Nani atahesabu naye mupaka 5?