SOMO LA WALINZI: RISASI GANI KWA BUNDUKI GANI?



Somo la leo ni la wenzetu walinzi, lakini kila mwanachama alisome. Mlinzi anayesimama langoni na bunduki ni mfanyakazi kama wewe. Na risasi yake ikienda kombo, huenda ikampata mwenzake aliyelala kambini.

Nawapeni mfano. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na walinzi wa ghala moja huku Mbale. Walikuwa wamepewa shotgan ya kujijaza yenyewe, badala ya ile ya zamani inayofunguliwa katikati. Risasi hazikubadilishwa. Zilitolewa katika kopo lile lile: ndefu na fupi, nyekundu na kijani, nyingine zimeota kutu. Usiku wezi walipokuja, mlinzi alifyatua mara moja tu na bunduki ikakwama. Miguu yake ndiyo iliyomwokoa. Asubuhi msimamizi akataka kumfukuza kazi, eti ameharibu mali ya tajiri.

Bunduki ile haikuwa mbovu. Tuone sababu.

1. Je, risasi inaingia katika bunduki hii?

Shotgan nyingi za walinzi ni za namba 12. Namba hii ni kipimo cha zamani cha Waingereza: ratili moja ya risasi, yaani gramu 453, ikigawanywa kuwa tufe 12, tufe moja lalingana na tundu la mtutu. Kwa hiyo namba ikizidi, tundu linapungua. Namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12.

Hapo ndipo penye hatari. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12, huteleza ikakwama ndani ya mtutu. Mlinzi anadhani hamna kitu, anatia ya namba 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka mikononi mwake. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzitia risasi za namba 20 rangi ya manjano. Usizichanganye kabisa katika mfuko mmoja.

Kisha tazama urefu. Ubavuni mwa mtutu huandikwa urefu wa chumba cha risasi, kwa mfano milimita 70 au 76. Urefu wa risasi huhesabiwa ganda likiwa limekwisha kufunguka, yaani baada ya kufyatuliwa. Kwa hiyo risasi ya 76 yaweza kuingia katika chumba cha 70 bila taabu, lakini mdomo wake haupati nafasi ya kufunguka, na nguvu ya baruti hupanda kupita kiasi. Kuingia si kufaa. Soma maandishi.

2. Je, risasi ina nguvu ya kuendesha bunduki hii?

Shotgan ya kufunguliwa katikati haijali sana nguvu ya risasi, maana mkono wako ndio unaotoa ganda. Ile ya kujijaza hutegemea risasi yenyewe: nyingine hutumia moshi wa baruti, nyingine hutumia teke la bunduki, kutupa ganda na kuleta risasi ya pili. Risasi ikiwa nyepesi, mtambo haurudi nyuma sawasawa, ganda linabanwa mlangoni. Zile za mchezo wa shabaha, zenye gramu 24 au 28 za marisau, mara nyingi ndizo zinazokwamisha bunduki iliyofanywa kwa risasi nzito.

Jambo hili si geni. John Browning wa Marekani alipata hataza ya shotgan yake ya kujijaza mwaka 1900, na ndani yake mliwekwa pete za kupangwa namna moja kwa risasi nzito na namna nyingine kwa nyepesi. Kitabu cha bunduki husema risasi ipi yafaa. Kitabu hicho kikae chumba cha walinzi, kisifungiwe ofisini.

3. Je, nyuma ya mwizi kuna nani?

Marisau makubwa aina ya SG yana upana wa milimita 8 na zaidi kidogo, na risasi moja ya milimita 70 kwa kawaida hubeba 9. Yanapokwenda hutawanyika, kwa hiyo si yote yatakayompata unayemlenga. Yanayopita yaweza kufika zaidi ya mita 600, na ya karibu hutoboa mabati. Risasi ya tufe moja hufika mbali zaidi. Katika miwa ya Busoga usiku, nani ajuaye nani yuko upande wa pili? Marisau madogo ya ndege hayafiki mbali hivyo, lakini asikudanganye mtu kwamba ni ya kutishia tu. Kwa karibu yanaua.

4. Utunzaji

Jinja tuna unyevu wa ziwa na mto, Mbale tuna mvua za mlima Masaba. Risasi ziwekwe pakavu, mbali na joto la bati. Usizipake mafuta, maana yakipenya hadi kwenye fataki yataiharibu. Iliyovimba, iliyoota kutu au iliyofunguliwa na kujazwa upya, ikatae.

Ukifyatua isilie, elekeza mtutu mahali salama, ngoja dakika nzima, ndipo ufungue. Ikilia kwa sauti dhaifu, simama! Toa risasi zote, uchungulie mtutu kama kuna kilichokwama.

Turudi Mbale. Tulikwenda kwa msimamizi na kitabu cha bunduki na ganda lililobanwa. Tukasoma wote pamoja. Mlinzi alirudi zamu, na kopo lile likaondolewa.

Kuchagua risasi ni kazi ya mwajiri, na gharama ni yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka alinde uhai wa wafanyakazi na kuwafundisha kazi yao. Basi tudai risasi za aina moja kwa kila bunduki, zijaribiwe uwanjani kabla ya zamu, na mafunzo yafanyike katika saa za kazi.

Maswali ya kujadiliana tawini:
(a) Bunduki ya lango lenu ni namba ngapi, na chumba chake ni milimita ngapi?
(b) Nani anachagua risasi, na je, amewahi kuuliza walinzi?
(c) Kambi ya wafanyakazi iko upande gani wa lango?