Darubini ya Kupiga Picha za Kwelea Kwelea kwa Mbali: Usinunue Namba, Nunua Mwanga

Somo la leo limetokana na swali la kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga. Wamechanga hela, wanataka darubini ya jicho moja ya kuunganisha na simu, ili wapige picha za kwelea kwelea bila kuwasogelea. Muuzaji kawaambia, "Hii inavuta mara 60, chukueni." Je, wachukue?

Jibu langu ni kwamba wasiangalie mara 60 kwanza. Waangalie upana wa lenzi ya mbele, stendi, na kama simu yao inakaa vizuri. Kuvuta kunakuja mwisho.

Kwa nini picha ina maana

Kwelea kwelea mmoja anaweza kula hadi gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kidogo sana, eti? Zidisha kwa ndege 100,000: ni kilo 1,000, tani nzima kwa siku moja. Na wanapenda kuanza mpunga ukiwa bado kwenye maziwa, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ina gharama yake.

Taarifa ikifika kata, kisha halmashauri na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), swali la kwanza ni: ni kwelea kwelea kweli? Wako wangapi? Wanalala wapi? Wakulima wengi wanachanganya na minana. Kwelea kwelea dume ana mdomo mwekundu, na wakati wa kuzaliana uso wake huwa na barakoa, mara nyingi nyeusi. Jike naye ana mdomo mwekundu, ila wakati wa kuzaliana unageuka njano. Minana dume wengi ni wa njano wenye mdomo mweusi. Picha inayoonyesha mdomo inamaliza ubishi. Tena dawa inayopulizwa wanapolala haichagui, inaua na ndege wasio na hatia. Kwa hiyo lazima tuwe na uhakika kabla.

1. Soma namba vizuri

Darubini iliyoandikwa 20-60x80 inavuta kuanzia mara 20 hadi mara 60, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 80. Kundi lililo mita 300, ukivuta mara 20, unaliona kama liko mita 15.

Sasa gawanya upana kwa kuvuta: 80 ÷ 20 = 4. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka upande wa jicho. Ukivuta hadi 60, unabaki milimita 1.3 tu, na picha inakuwa na mwanga pungufu mara 9. Kwelea kwelea wanarudi kulala jua likizama, muda ambao mwanga ni haba. Ukivuta mara 60 saa 12 jioni, utapata giza na ukungu tu.

Kwa kazi yetu chagua lenzi ya mbele ya milimita 80. Ile ya 60 au 65 ni nyepesi kubeba, lakini 80 inakusanya mwanga karibu mara 1.8 ya ile ya 60. Kazi nyingi utaifanya kati ya mara 20 na 30.

2. Pima kabla ya kulipa

Kuna vidarubini vya mfukoni vinauzwa vimeandikwa 40x60. Usibishane na muuzaji, chukua rula. Shika darubini sentimita 30 kutoka usoni, ielekeze kwenye anga lenye mwanga (KAMWE usiielekeze kwenye jua, utapofuka). Kwenye lenzi ya jicho utaona kiduara cheupe. Kipime. Kisha pima lenzi ya mbele, ugawanye kwa kiduara hicho. Lenzi ya milimita 40 ikitoa kiduara cha milimita 4, hapo inavuta karibu mara 10 tu, hata iandikwe nini.

Halafu tazama nguzo ya umeme dhidi ya anga jeupe. Ukiona ukingo mpana wa zambarau au kijani, mdomo wa ndege nao hautatoka na rangi yake halisi. Darubini zenye kioo cha ED hupunguza tatizo hilo. Soma na maandishi ya bango la mbali: yasomeke katikati na yasipotee sana pembeni.

3. Ya kupinda au iliyonyooka?

Chukua ile ambayo sehemu ya jicho imepinda. Mrefu na mfupi wote wataitumia bila kubadilisha stendi kila mara, na simu inakaa kwa utulivu zaidi. Iliyonyooka ni rahisi kulenga, ila inataka stendi ndefu, na stendi ndefu inatikisika.

4. Stendi ni nusu ya darubini

Ukivuta mara 30, hata mtikisiko wa kidole unavutwa mara 30. Kama hela ni ndogo, punguza kwenye darubini uongeze kwenye stendi ya miguu mitatu iliyo imara. Siku ya upepo ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake. Usibonyeze simu kwa kidole, weka kipima muda cha sekunde 3.

5. Simu na kishikio chake

Nenda dukani na simu mtakayotumia. Kishikio lazima kiweke kamera kubwa ya simu, si ile ya picha pana, katikati ya lenzi ya jicho. Ukiona duara jeusi pembeni, kuza kidogo kwa simu mpaka lipotee. Kamera ya simu yenye lenzi inayolingana na milimita 26, ikiwa nyuma ya darubini ya mara 20, inakuwa sawa na lenzi ya milimita 520. Hiyo inatosha kabisa kwa kazi yetu.

6. Shambani

Piga asubuhi mapema au jioni. Mchana hewa ya moto inacheza juu ya majaruba, na hakuna darubini ya bei yoyote inayoondoa hilo. Kaa jua likiwa mgongoni kwako.

Piga picha tatu: moja ya karibu inayoonyesha mdomo, moja ya kundi zima, na moja ya miti ya miiba au matete wanamolala. Kwenye ile ya kundi, hesabu ndege wa kipande kimoja kisha zidisha kwa idadi ya vipande. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko kuandika "wengi sana".

Jambo moja watu hulisahau: simu inarekodi mahali uliposimama WEWE, si walipo ndege. Andika na upande waliopo, mfano kaskazini, na umbali unaokadiria. Bila hivyo wataalamu watafika kwenye tuta lako, wakati malalo yako nusu kilomita mbele.

Kama mfuko hautoshi mwaka huu, nunueni kwanza darubini ya macho mawili ya 8x42. Inatambua ndege vizuri mkiwa karibu kidogo, na mnaweza kuchangia ile kubwa msimu ujao. Ila msinunue ya mara 60 yenye lenzi ndogo kwa sababu tu namba ni kubwa. Ndege wanakuja jioni, na jioni kinachotafutwa ni mwanga.