SOMO LA KAMATI ZA SHARIKA: SAMAKI MWENYE MILIA NA MTOTO MWENYE UALBINO



Katika ziara zetu sharikani tumekuta zaidi ya mara moja kwamba akizaliwa mtoto mwenye ualbino, baba huondoka na mama hubaki akiulizwa amefanya nini. Swali la nani ametenda dhambi ni la zamani. Yohana sura ya 9 inaanza nalo. Robo hii tunalijibu kwa kutumia samaki.

Samaki huyu ni mdogo kuliko kidole, ana milia kama pundamilia, na asili yake ni mito ya India na nchi jirani. Watafiti wanampenda kwa sababu mayai yake hukua nje ya mwili wa mama na huonekana mpaka ndani, kiasi kwamba siku ya kwanza tu moyo huonekana ukipiga chini ya darubini. Tena, takriban asilimia 70 ya jeni zetu, yaani maelekezo ya urithi, zina mwenzake ndani yake.

Wapo samaki wa aina hii wanaozaliwa na milia iliyopauka. Mwaka 2005 kikundi cha Keith Cheng, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, kilieleza sababu: jeni moja, SLC24A5, imeharibika. Wakachukua maelekezo ya jeni hiyo ya mwanadamu, wakayadunga kwenye mayai ya samaki waliopauka, na weusi ukarudi. Samaki yule hakurogwa, wala mama yake hakuvunja mwiko.

Ualbino ulio mwingi Tanzania hutokana na jeni nyingine, OCA2, ambayo mara nyingi imekatika kipande. Utafiti kuhusu Watanzania ulilionyesha hilo mwaka 1995. Samaki wetu anayo pia, na ikiharibika weusi wake hupungua. Hajatupatia tiba, tuseme wazi.

Sasa chukueni maharage. Baba apewe jeusi moja na jeupe moja, mama vivyo hivyo. Kila mmoja atoe moja bila kutazama. Mtoto akipata meupe mawili, ana ualbino. Akipata hata moja jeusi, hana. Ndiyo maana wazazi wote wawili huwa weusi na hawajui wamebeba nini. Nafasi ni 1 kati ya 4 kwa kila uzazi, si kwamba ni zamu ya mtoto wa nne. Na bila harage jeupe la baba, mtoto huyo hazaliwi na ualbino.

Mwaka 2013 watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo humu humu mkoani Rukwa, kwa hiyo somo hili si la kujifurahisha. Lakini adui wa kila siku ni jua. Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800, na baridi ya Ufipa hudanganya: mtu hasikii joto, huku ngozi inaungua shambani na saratani inaanza. Kofia pana na mikono mirefu vianze mtoto akiwa mgongoni. Darasani akae mbele, kwa maana haoni mbali.

Kamati zitakazofanya zoezi la maharage tunaomba ziwaite kina baba kwanza. Wakikosekana, ahirisheni mpaka Jumapili inayofuata.