Nywele za mdoli: amua mtindo kwanza, nyuzi baadaye

Kina mama wanaoniletea midoli ya watoto wao karibu wote huanza hivi: "Dada, naomba uuwekee nywele nzuri." Nami huuliza kabla sijagusa chochote: mtoto anataka kuusuka vipi? Mdoli wa kusukwa twende kilioni leo, kufumuliwa kesho na kusukwa tena keshokutwa, una mahitaji yake. Mdoli wa kukaa kabatini na mawimbi yaliyoshuka hadi kiunoni una mahitaji mengine kabisa. Ukinunua nyuzi kwa kuvutwa na mng'ao wake dukani, utazipanda usiku kucha halafu zikatae kukaa unavyotaka.

Nianze na rasta, kwa sababu ndizo zilizo karibu yetu. Maduka ya nywele ya Kariakoo yamejaa pakiti za rasta kutoka sakafuni hadi darini, na kwa mdoli mweusi unaotaka nywele zinazofanana na za mtoto anayeuchezea, sijaona kitu kinachozishinda. Zile nzuri ni za Kanekalon, nyuzi ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitengeneza mwaka 1957. Asili yake ni jamii moja na akriliki ya uzi wa kufumia masweta, ila imeongezwa kiungo chenye klorini, ndiyo maana haziwaki moto kirahisi. Uso wake hautelezi sana. Vidole vya mtoto vinapata pa kushika, na msuko ukishafungwa haufumuki wenyewe.

Tatizo ni kwamba si kila rasta ni Kanekalon. Zipo za poliesta, ambazo mara nyingi pakiti yake husema zinahimili joto kali, na zipo za PVC, ngumu kidogo na zenye mng'ao wa plastiki. Soma pakiti, na kama haisemi, uliza. Mama mmoja ninayenunua kwake hupenda kunijibu, "Mwanangu, shika mwenyewe, mkono haudanganyi," na yuko sahihi. Vuta unywele mmoja kati ya kucha mbili. Kanekalon hujikunja polepole na kubaki laini. PVC hujiviringa kama utepe wa zawadi.

Saran ni habari nyingine. Kemikali yake iligunduliwa mwaka 1933 kwenye maabara za Dow huko Marekani, na Barbie wa kwanza kabisa, aliyetoka mwaka 1959, alikuwa na nywele za Saran. Ni nzito: ujazo uleule wa maji na wa Saran ukipimwa, uzito wa Saran ni kama mara moja na robo tatu hivi ya ule wa maji. Uzito huo ndio uzuri wake. Nywele zinalala, zinashuka, hazipeperuki kila upepo unapopita, na mawimbi ya maji moto yanashika na kudumu. Kwa mtindo mrefu wa kulala mgongoni, ningechagua Saran bila kusita. Kwa misuko midogo midogo, hapana, inateleza mno. Madukani kwetu sijazoea kuiona, kwa hiyo wanaoihitaji huagiza mtandaoni kwa wauzaji wa nywele za midoli, wanaoiuza ikiwa imefungwa mafungumafungu.

Nailoni ipo katikati. Ni laini kama hariri, inachanika vizuri hata baada ya kuchezewa sana, na ndiyo inayokubali rangi ya kuchovya nguo. Kama unataka rangi ambayo haipo dukani, nailoni nyeupe na sufuria kuukuu isiyopikiwa tena vitakupa. Mawimbi yake hayadumu kama ya Saran.

Kisha kuna polipropilini, na hapa nasema wazi: siipendi. Midoli mingi ya bei rahisi inakuja nayo. Ikishachezwa kidogo tu inavimba, inakauka, inashikana kama pamba, na maji moto hayaisaidii sana. Ukiletewa mdoli wa namna hiyo, usipoteze siku nzima kuuchana. Ng'oa, panda upya.

Utaijuaje? Tumia glasi ya maji. Weka tone la sabuni ya vyombo, kata kinyuzi kidogo cha nywele, kizamishe na ukiminye kwa vidole mpaka vipovu vya hewa vitoke vyote. Bila sabuni na bila kuminya jaribio hili linadanganya, maana hewa iliyonaswa inainua nyuzi yoyote. Sasa achia. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu hata uizamishe mara ngapi. Nailoni, Kanekalon, poliesta, PVC na Saran zote zitazama, na Saran itashuka haraka kuliko wenzake. Wapo wanaopima kwa kiberiti. Nyuzi zenye klorini zikiungua hutoa moshi wenye asidi unaowasha koo na macho, na mafundi wengi tunafanyia kazi chumba hichohicho ambamo watoto wanalala. Glasi ya maji inatosha.

Kupanda kwenyewe kunahitaji subira kuliko vifaa. Chovya kichwa kwenye maji moto dakika chache kilainike, kisha kivute taratibu kutoka shingoni huku ukikizungusha. Nyoa nywele za zamani kwa mkasi karibu kabisa na ngozi, halafu toa mabaki kwa ndani ukitumia koleo jembamba. Mabaki mengine yameshikwa na gundi ya kiwandani, na hayo yanataka maji moto tena na tena. Usiyaache. Gundi ya zamani huweza kupenya matunduni miezi baadaye na kuzifanya nywele mpya zinate.

Mimi natumia sindano ndefu na fundo. Shika nyuzi kama kumi na tano hadi ishirini kwa mdoli wenye kimo cha Barbie, zifunge fundo mwishoni, ingiza sindano kutokea ndani ya shingo na utokee kwenye tundu, kisha vuta hadi fundo ligote. Wengine hukata tundu la sindano ya kushonea nusu ili ibaki kama uma mdogo, wanakunja nyuzi na kuzisukuma kutokea nje. Njia yao ni ya haraka mno, ila uhai wake wote uko kwenye gundi. Ukiifuata, epuka ile gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu maji moto ya kukunjia nywele huilainisha. Gundi ya kitambaa inayohimili maji na isiyokakamaa ikikauka ndiyo inayofaa; super glue inakuwa kama kioo na kukatika kichwa kikibonyezwa.

Anza na mstari wa mbele wa paji, shuka panjani, zunguka hadi kisogoni, kisha ingia ndani. Kama mtoto anataka njia katikati, panda safu mbili zilizokaribiana na kila safu uilaze upande wake. Kwa twende kilioni matundu ya kiwandani mara nyingi hayatoshi, yamepangwa kwa mduara wa nywele za kushuka. Chora mistari ya misuko kwa kalamu ya rangi inayofutika, na utoboe matundu mapya kufuata mistari hiyo. Hapo ngozi ya kichwa itaonekana kati ya msuko na msuko kama inavyotakiwa, na mtoto hatalazimika kuficha upara wa plastiki.

Sasa kipilipili, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Black Barbie wa Mattel, aliyebuniwa na Kitty Black Perkins na kutoka mwaka 1980, alikuwa na afro fupi, na mpaka leo hilo ndilo ombi ninaloona furaha kubwa zaidi kulitimiza. Chukua Kanekalon, gawa vifungu vyembamba kama uzi wa viatu. Kila kifungu kisokote kwanza hadi kianze kujikunja chenyewe, ndipo ukizungushe kwenye kijiti cha mshikaki, mzunguko kwa mzunguko bila kuacha nafasi. Funga ncha kwa uzi wa pamba. Mpira wa nywele utaacha kovu. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka ambayo umeyaacha yatulie kidogo, kisha mara moja mwagia ya baridi. Joto linalegeza nyuzi, ubaridi unazigandisha katika umbo jipya, kwa hiyo usiruke hatua ya pili. Acha zikauke kabisa kwenye vijiti, usiku mzima au zaidi msimu wa masika. Ukivitoa utapata michirizi iliyobana. Ichambue kwa vidole mmoja mmoja, na kadiri unavyochambua ndivyo afro inavyojaa. Kitana kiweke mbali.

Pasi ya nywele isikaribie Kanekalon wala Saran. Joto lake la kawaida ni kali kuliko zinavyoweza kubeba, zinaganda na kuwa kama uzi wa kuvulia samaki. Na kama uso wa mdoli umeupaka rangi upya, kunja nywele kabla ya kuzipanda, ili maji moto yasifike kwenye macho na midomo.

Kwa midoli ya kitambaa, uzi wa akriliki wa kufumia unatosha. Fumua nyuzi zake, zipige kwa brashi ya waya hadi zivimbe, na utapata nywele laini ambazo mtoto mdogo anaweza kulala nazo bila kuchomwa.

Mkabidhi mtoto mdoli pamoja na chanuo lenye meno mapana, na mwoneshe kuchana kuanzia nchani kupanda juu, huku mkono mwingine umeshika mizizi isivutike. Mafuta ya nazi tunayopaka vichwani mwetu yasiguse nywele hizi. Hayaingii ndani ya nyuzi, yanabaki juu na kukusanya vumbi. Tone la dawa ya kulainisha nguo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu linatosha kuzilainisha. Na kama mafuta yalishapakwa, yaoshe kwa sabuni ya vyombo kabla hujajaribu kukunja upya.