Dondoo Muhimu: Maktaba ya Chuo na Vitabu Huria

Mkutubi wa chuo kikuu mwenye azma ya kuwaauni wanafunzi wasiomudu bei ya vitabu na aanzie kwenye muhtasari wa kozi, si kwenye intaneti: aketi na mhadhiri wa somo lenye wanafunzi wengi, wapitie pamoja, mada kwa mada, vitabu vya OpenStax, ambavyo Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani kimekuwa kikivitoa bila malipo tangu mwaka 2012.

Kabla ya kunakili chochote, leseni ya kitabu, ambayo masharti yake huonyeshwa kwa herufi, isomwe kwa makini. Herufi BY humlazimu mtumiaji kumtaja mtungaji. NC humkataza kuchuma faida. SA humtaka aitoe kazi yake mpya kwa sharti lilelile. Na ND, ambayo ndiyo huwaponza wengi, huruhusu kusambaza nakala kama ilivyo tu, wala si tafsiri, hivyo anayekusudia kukifasiri kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili hana budi kuomba idhini kwanza. Kitabu cha Calculus cha OpenStax, kwa mfano, kina BY, NC na SA: mhadhiri aweza kukifasiri, lakini duka la chuo lisiuze nakala zake kwa faida.

Mtandao ukiwa dhaifu, nakala za PDF zihifadhiwe katika kompyuta za maktaba.

Hatimaye, kila kitabu huria kiingizwe katika katalogi pamoja na toleo na leseni yake, sawasawa na kitabu kilichonunuliwa. Kwa rai yangu, kazi hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.