Mtoto Anayeshika kwa Sikio



Yuko mtoto ambaye ukimpa kitabu husinzia, lakini akisikia hadithi ya babu mara moja tu, huisimulia yote. Tusimwite mvivu wala mjinga. Katika somo hili tutazame jinsi ya kumsaidia.

Kwanza, tuhakikishe anaona. Mara nyingine mtoto hutegemea masikio kwa sababu haoni vizuri ubaoni. Akikunja uso, au akisogeza kitabu karibu na pua, apimwe macho. Hapa Moshi tunayo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ina idara ya macho. Huenda kinachodhaniwa kuwa uzito wa akili kikaondolewa na miwani.

Pili, tumpe nafasi ya kusema. Sisi tuliofunza walimu vyuoni tulikuwa tukiwaambia wanachuo: anayeweza kueleza ndiye aliyeelewa. Jioni, mtoto anapokata majani ya ng'ombe kihambani au anapomenya ndizi jikoni, mwulizeni: "Leo mwalimu amewafundisha nini? Hebu nifundishe na mimi." Akianza kwa Kichaga, mwacheni amalize, kisha arudie kwa Kiswahili. Anapokwama, hapo ndipo asipoelewa. Msimpe jibu upesi.

Tatu, tumvushe kutoka ulimi hadi kalamu. Aseme sentensi 3 juu ya somo, na mzazi au dada yake aziandike. Kisha mtoto azisome kwa sauti akifuata kwa kidole, na mwisho azinakili. Maneno aliyoyasema mwenyewe hayamtishi. Hatua hii tusiiruke, maana mtihani huandikwa. Mtoto asiyeweza kuandika anachokijua huhesabiwa kuwa hajui.

Wazee wenzetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sikio, kitabu, mazungumzo na mikono vilifanya kazi pamoja.

Kwa hiyo tusimfunge mtoto kwa kusema, "Huyu ni wa kusikia tu." Mwaka 2008 wanasaikolojia 4 wa Marekani, akiwamo Harold Pashler, walipitia tafiti za jambo hili. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inafaa kumfundisha kila mtoto kwa njia moja inayodhaniwa kuwa yake. Kusikiliza na kueleza huwafaa watoto wote. Kwa huyu wetu ni mlango wa kuingilia, naye asiishie mlangoni.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Ni nani kwetu humsikiliza mtoto anapoeleza somo lake?
2. Mtoto wetu alipimwa macho na masikio lini?
3. Wiki hii tutaandika naye sentensi zipi?