Usiku ndipo ninapochangamka: je, nina ugonjwa?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, naishi Chiola, wilayani Nachingwea. Nalima korosho na ufuta, na pia ni fundi cherehani. Tangu usichana wangu, nikilazimishwa kulala mapema nabaki najigeuzageuza tu kitandani. Ikigonga saa tatu usiku ndipo mwili unapochangamka. Watoto wakishalala nawasha taa ya sola na kushona hadi saa nane. Saa kumi na moja alfajiri naamka kwenda shamba, na hapo mwili wote unakuwa mzito kama nimepigwa. Mama mkwe ananiambia binadamu wa kawaida hakeshi, na majirani wameanza kunihusisha na mambo ya uchawi. Je, nina ugonjwa? Niache kushona usiku?

JIBU: Mwanangu, kwa ulivyonieleza, huna ugonjwa, na cherehani yako huna haja ya kuiacha. Kinachokuumiza ni kuamka kabla usingizi haujaisha. Toka saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa tatu tu, ilhali mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hilo ndilo la kurekebisha.

Kila mwanadamu ana saa ndani ya ubongo wake. Saa hiyo husoma mwanga unaoingia machoni, kisha hupanga muda wa joto la mwili kupanda na kushuka na muda wa kutoa homoni ya giza iitwayo melatonini, inayouandaa mwili kulala. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kueleza jinsi vinasaba vinavyoiendesha saa hiyo. Mwaka 2019 ukatoka utafiti uliohusisha watu karibu 700,000, ukaonyesha sehemu 351 za vinasaba zinazohusiana na mtu kuwa wa asubuhi au wa usiku. Umri nao una nafasi yake: vijana wengi huchelewa kusinzia, na kadiri miaka inavyosogea usingizi hurudi mapema. Kwa hiyo wewe na mama mkwe mnaweza kuwa wazima nyote wawili, huku yeye akisinzia saa mbili nawe ukichangamka saa tatu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka hapa hapa Tanzania, kwa ndugu zetu Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi. Watafiti waliwavisha watu wazima 33 vifaa vidogo vya kupima usingizi kwa siku 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika saa zaidi ya 200 za usiku zilizopimwa, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kwa wastani, zaidi ya theluthi moja ya kundi walikuwa macho au wamesinzia kidogo wakati wowote wa usiku. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana wakachelewa. Hakuna aliyepangiwa zamu, lakini kambi ilipata mlinzi usiku kucha. Watafiti hao wanadhani kwamba tofauti hii ya usingizi iliwalinda binadamu dhidi ya wanyama wakali kwa maelfu ya miaka. Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wanaokesha mashambani kuzuia nguruwe pori wanajua thamani ya mtu anayeweza kubaki macho. Basi anayekuita mwanga kwa sababu taa yako inawaka saa tano usiku anakuonea. Mwenzi wako na mwenyekiti wa kitongoji wakijua kuwa ni kazi ya cherehani, na majirani wakiziona nguo zinazotoka mikononi mwako, maneno hayo yatakosa pa kushika.

Hata hivyo, sitakuficha hatari. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu zaidi ya 430,000, ukatolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watu wa usiku kabisa walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 10 ule wa watu wa asubuhi katika miaka sita na nusu waliyofuatiliwa. Walikuwa pia na kisukari na matatizo ya kisaikolojia zaidi. Watafiti wenyewe wanadhani sababu kubwa ni kuishi kinyume cha saa ya mwili: mtu wa usiku anayelazimishwa kuamka na watu wa asubuhi, mwaka hadi mwaka, bila kulipa usingizi anaodaiwa.

Hebu tuhesabu siku yako. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne usiku umekuwa macho saa 17 mfululizo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa mtu wa namna hiyo, umakini wake hushuka sawa na wa mtu mwenye pombe kwenye damu kwa kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kuendesha gari. Wewe unaendelea hadi saa ya 21. Unaweza kujisikia mchangamfu, lakini mkono na jicho vimekwishachoka, na sindano haisubiri.

Kwa miezi ya kawaida, fanya hivi. Cherehani ifungwe saa tano usiku, na saa tano na nusu uwe umelala. Zungumza na mumeo ili asubuhi yeye ndiye aanze, nawe uamke saa kumi na mbili. Hapo utapata saa sita na nusu. Nusu saa iliyobaki ilale mchana, kabla ya saa tisa alasiri, ili usiuharibu usingizi wa usiku. Kazi za kupima na kukata kitambaa zifanye mapema, saa mbili hadi saa tatu usiku, ukiwa na umakini. Kupinda pindo na kutia vifungo viache mwisho. Kahawa na chai ya rangi ziishie alasiri, maana nguvu yake hubaki mwilini saa nyingi. Taa ielekeze kwenye kitambaa, isikumulike usoni, na simu iache mbali na kitanda. Koroboi usiitumie kabisa, moshi wake unaumiza mapafu yako na ya watoto.

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho unahitaji mpango wa peke yake. Kuanzia Juni, mkorosho unapochipua na kutoa maua, mnapuliza alfajiri wakati umande upo na upepo umetulia, ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kubeba mashine inayonguruma mgongoni, huku vumbi la salfa likichoma macho, ukiwa na saa tatu za usingizi ni kujitafutia ajali. Wiki mbili kabla, wahisha muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku moja au mbili, na kila asubuhi kaa nje kwenye mwanga wa jua kwa nusu saa. Jua la asubuhi ndilo linaloifanya saa ya mwili iwahi. Mkimaliza kupuliza, oga, kula, kisha lala kwa muda wa saa moja na nusu mchana. Miezi hiyo cherehani ifanye kazi alasiri.

Usisahau malaria. Mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku mkubwa hadi alfajiri, na wapo wanaoanza jioni. Anayekesha ukumbini hana chandarua. Shona ndani, funga madirisha au weka wavu, vaa mikono mirefu na ufunike miguu. Hakikisha watoto wamo ndani ya chandarua chenye dawa kabla hujakaa kwenye kiti.

Zipo dalili za kukupeleka kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya: kutaka kulala na kushindwa usiku mitatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, huzuni isiyoisha, moyo kwenda mbio na kupungua uzito, au kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika. Dawa za usingizi usinunue dukani bila kuandikiwa na daktari.

Mwisho, naomba jibu hili umsomee mama mkwe. Nyumba yenye mtu wa usiku na mtu wa alfajiri ina bahati, ikijipanga. Mtoto akiwa na homa, wewe mwangalie hadi saa tano, mpe maji na dawa alizoandikiwa, kisha ulale karibu naye. Bibi aipokee zamu saa kumi, anapoamka mwenyewe bila kuitwa, nawe uachwe ulale hadi saa kumi na mbili. Hapo hakuna mvivu wala mchawi, na kila mmoja anapata usingizi wake kamili.